Likizo yako ndiyo msimu wao wa mpunga

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii Marekani. Likizo ya kiangazi hiki chuo kinanipeleka fildi Nepal kwa wiki 10, kuanzia katikati ya Juni, kwenye mradi mdogo wa afya ya wanawake huko milimani. Nimeambiwa nitafuatilia tatizo la kizazi kushuka. Sijui Kinepali, sijaolewa, na mimi si daktari wala muuguzi. Naogopa kwenda kuwapotezea watu muda. Nitawasaidiaje? Na mwanamke akiniomba dawa nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza mengi, ila ngoja nianze na ambalo hukuuliza: kwa nini unakwenda Juni? Unakwenda Juni kwa sababu ndipo chuo chako kimefungwa. Basi itazame na kalenda ya wenyeji wako. Katikati ya Juni unaingia mwezi wanaouita Asar. Mvua za monsuni zinafika milimani, na mpunga uliooteshwa kitaluni unang'olewa na kupandikizwa kwenye majaruba. Asar 15, ambayo kwetu huwa tarehe 29 au 30 Juni, ni sikukuu ya kupandikiza: watu wanaimba, wanarushiana matope, wanakula mtindi kwa chiura, mchele uliopondwa ukawa bapa, ndugu kabisa wa pepeta zetu. Mwanamume anapita na ng'ombe na plau. Miche anaipandikiza mwanamke, ameinama toka asubuhi, matope yamemfika magotini.

Huyo ndiye unayetaka akae nawe saa nzima akujibu dodoso.

Mimi nilikwenda mwaka 2009, nikiwa na miaka 15 ya ukunga na kichwa kikubwa. Dodoso langu lilikuwa na kurasa 14. Wiki ya kwanza nilipata wanawake tisa, nikafurahi, mpaka jioni moja nilipoketi na taa kuyapitia majibu nikaona karibu wote walikuwa wagonjwa, au vikongwe, au wamejifungua juzijuzi. Wangekuwa nani wengine? Hao ndio waliobaki nyumbani. Wenye nguvu walikuwa majarubani. Ningeandika ripoti kwa hesabu ile ningetangaza kijiji kizima hoi, na mwenzangu ambaye angekuja Desemba angeandika kinyume chake, na kila mmoja wetu angekuwa na majedwali yake yamenyooka.

Kwa hiyo hata kabla ya tiketi, mwandikie mwenyeji wako umwulize wanawake wa pale huwa wapi, saa ngapi, katika wiki zile. Milimani watu wengi hula wali na dengu mara mbili kwa siku, mara ya kwanza kama saa nne asubuhi, ya pili usiku. Saa nne hiyo usimwendee mtu. Nafasi utaipata alfajiri kwenye bomba la maji, adhuhuri wakipumzika kando ya shamba, na siku ambayo mvua imezidi watu wakashindwa kutoka. Dodoso lipunguze liwe ukurasa mmoja. Msimamizi wako atalalamika. Mwache alalamike, yeye hapandi mpunga.

Halafu uone jinsi msimu huo ulivyo ndani ya tatizo lenyewe. Kizazi hushuka pale misuli na kano zinazokishikilia zinapolegea: uzazi wa mara nyingi, uchungu uliokaa mno, kusukumishwa kabla njia haijafunguka, na kubwa katika vilima vile, kurudi kwenye mizigo mizito mapema baada ya kujifungua. Mzigo hubebwa kwenye doko, tenga la mwanzi linalokaa mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Humo mnaingia majani ya ng'ombe, kuni, samadi, hata mawe. Sisi wa pwani tuna arobaini. Mzazi anakandwa, anafungwa tumbo, anakunywa uji wa pilipili manga, na mume asiyemwacha apumzike anasemwa mtaa mzima. Kule, kwa mila ya Kihindu, mtoto hupewa jina siku ya 11, unajisi wa uzazi unaondolewa, na katika nyumba nyingi mapumziko nayo huishia hapo. Aliyejifungua Asar ikiwa mlangoni, usiniulize anapumzika siku ngapi.

Wala usitegemee mtu akwambie waziwazi kizazi chake kimeshuka. Utasikia kwanza mgongo. Kiuno kinawaka moto, mkojo haukai, uchafu unanuka, kuchuchumaa siwezi. Baadaye sana, mkishazoeana, utasikia "aang khaseko", mwili umeanguka. Mwanamke anaweza kuishi na hali hiyo miaka 20, anakirudisha ndani kwa vidole kila jioni, na mumewe hajui, au anajua na keshaoa mwingine. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Nepal iliamua kwamba kuliacha tatizo hili lienee namna ile ni kuvunja haki ya uzazi ya wanawake, ikaitaka serikali ichukue hatua. Nilipofika mwaka uliofuata, kila ofisi ya afya niliyoingia walikuwa wakizungumzia kambi za upasuaji.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la dawa. Kizazi kikishuka kidogo kuna mazoezi ya misuli ya nyonga. Kikizidi kuna pete, duara la mpira au silikoni linaloingizwa ukeni likishikilie. Kikiwa nje kabisa, mara nyingi ni upasuaji. Pete ni kitu kizuri lakini ina sharti: itolewe, isafishwe, mtu aangaliwe, kila baada ya miezi michache. Nilikaa siku tano nyumbani kwa mama mmoja wa makamo kabla hajaniambia, tukichambua dengu barazani, kwamba ana "kitu cha madaktari" ndani. Aliwekewa kwenye kambi ya siku moja, na watu waliokuja na magari wakaondoka na magari. Lini? Akahesabu kwa mbuzi: yule mbuzi mweusi ameshazaa mara tatu tangu hapo. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kile kinatolewa. Alikuwa akitokwa na usaha na kunyamaza.

Mimi mkunga, mikono iliniwasha. Sikumgusa. Sikuwa na leseni ya nchi ile wala vifaa, na pete iliyokaa muda wote huo inaweza kuwa imejichimbia kwenye nyama. Ukiivuta hovyo unamtoa damu mtu aliye saa tatu kwa miguu kutoka zahanati. Nilimwita mhudumu wa afya wa pale, tukatembea naye hizo saa tatu, zahanati wakamwandikia barua ya hospitali ya wilaya, nauli tukachangishana. Pete ikatolewa. Jambo la maana nililofanya katika wiki zangu zote ndilo hilo, na halimo kwenye tasnifu yangu.

Basi dawa usibebe, hata za kichwa. Ukimpa mtu vidonge viwili vya kichwa Jumatatu, Jumanne wewe ni daktari, na Jumatano mjamzito anayepasuka kichwa na kuona maruweruwe anakuja kukaa mlangoni kwako badala ya kukimbizwa hospitali. Kabla hujamhoji mtu wa kwanza, uwe na karatasi imeandikwa: zahanati ya karibu ni ipi, iko wazi siku gani, nani hapo anaweza kuweka na kutoa pete, hospitali gani inapasua, nauli kiasi gani. Kumwuliza mwanamke habari za kizazi chake huku huna pa kumwelekeza ni kumfungua kidonda halafu ukaondoka na bandeji.

Sasa, utawasaidiaje? Pale tayari wapo wanaosaidia. Tangu 1988 Nepal ina wanawake wa kujitolea wa afya, zaidi ya 50,000 nchi nzima, ambao huchaguliwa na vikundi vya akina mama vya mitaa yao. Mshahara hawana, ni posho ndogondogo tu. Hao ndio wanaogawa vitamini A kwa watoto mara mbili kwa mwaka, vidonge vya madini ya chuma kwa wajawazito, chumvichumvi za kuhara, vidonge vya majira na kondomu. Wafikirie kama wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, ila huyo utakayempata huenda ni bibi wa miaka 55 aliyeanza kazi hii kabla wewe hujazaliwa. Huyo ndiye bosi wako. Akisema leo nyumba ile hatuendi, hamwendi.

Na kama unaona akina mama kukaa kwenye mkeka na kuongea ni jambo dogo, ujue habari ya Makwanpur, wilaya iliyo kusini mwa Kathmandu. Dharma Manandhar, Anthony Costello na wenzao walichagua maeneo 24, wakayapigia kura ya bahati nasibu: 12 yapate vikundi, 12 yasipate. Zahanati ziliboreshwa kote kote. Kwenye vikundi aliwekwa mwezeshaji, mwanamke wa palepale asiye mtaalamu wa afya, akawakutanisha wenzake kila mwezi kujadili wanachokiona wakati wa kuzaa na baada ya kuzaa, na wao wenyewe wachague la kufanya. Wengine walianzisha mfuko wa fedha, wengine machela ya kubebea mjamzito, wengine wakatengeneza vifungashio vya vifaa safi vya kujifungulia. Matokeo yalichapishwa 2004: kwenye vikundi walikufa watoto wachanga 26 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, kusikokuwa na vikundi 37. Mtu akikuuliza mwanafunzi asiye daktari anakwenda kufanya nini kijijini, mtajie mwezeshaji wa Makwanpur.

Mwulize basi bosi wako na kikundi chake: kuna swali gani mngependa lijibiwe, na hamna wa kuzunguka kulitafutia jibu? Mara nyingi ni swali dogo. Mimi waliniuliza: kwa nini wanawake wa mtaa wa bondeni hawaji mkutanoni? Nikadhani ni umbali, wengine wakasema ni kutoelimika. Ilikuwa kikombe. Mkutano ulifanyika uani kwa familia ya tabaka la juu, na wale wa bondeni ni Wadalit, tabaka la chini kabisa, wanaohesabiwa najisi. Wangekaa upande gani? Chai wangeinywea kikombe cha nani, na nani angekiosha? Ubaguzi wa tabaka Nepal ni kosa kisheria, ila kikombe hakisomi sheria. Mkutano ulipohamishiwa kwenye uwanja wa shule, kila mtu na glasi yake, walikuja wanne. Wanne ni wachache, najua. Kwenye kile kikundi walikuwa wanne wa kwanza.

Hilo likufundishe na kuchagua watu wako wa kuwahoji. Ukimwachia mkalimani wa tabaka la juu akuongoze, atakupeleka nyumba anazoweza kunywa maji. Mkalimani awe mwanamke, ikiwezekana aliyekwisha kuzaa, na asiwe mtu wa kijiji hichohicho, maana siri ya kizazi ikiingia kwa jirani imeshafika sokoni. Mfanyishe mazoezi ya kutafsiri maneno ya mtu kama yalivyo. Mkalimani wangu mimi, mama alikuwa akizungumza dakika tatu, machozi yanamlenga, yeye ananigeukia: "Anasema hapana."

Mama mkwe ni habari nyingine. Nyumba za kule hazina faragha, na sasu, yaani mama mkwe, atakuja kukaa katikati yenu kwa nia njema kabisa. Mkaza mwana atajibu kila swali "hakuna shida" huku anatazama miguu yake. Nilimhoji mmoja hivyo. Kesho yake alfajiri tukakutana bombani, mtungi wake umejaa na bado ameuacha chini ya maji unafurika, akanieleza yote bila kuulizwa. Tangu siku hiyo kwanza namhoji mama mkwe, tena kwa dhati, maana kizazi chake ndicho kilichochoka zaidi. Akishasikilizwa yeye, mara nyingi huondoka mwenyewe akamwache binti aseme.

Lugha isikutishe kama unavyodhani. Hutaweza kuhoji kwa Kinepali, lakini miezi hii miwili iliyobaki inatosha salamu na kuhesabu. Tena sisi tuna bahati. Kalamu kule ni kalam, kitabu ni kitab, sabuni ni sabun, habari ni khabar, na achari ni achar. Mambo ya Waarabu na Waajemi, walizungusha maneno kama walivyozungusha bidhaa. Na watu huitana kwa undugu kama kwetu: mkubwa kidogo kwako ni didi, mdogo ni bahini, mtu mzima ni aama. Mtoto wa Tanga aliyelelewa na shikamoo hahitaji kufundishwa hilo. Wenzako Wamarekani watawaita bibi za watu kwa majina yao, utaona haya kwa niaba yao.

Kitu kitakachokutoa jasho ni tarehe. Rejista za zahanati huandikwa kwa kalenda yao ya Bikram Sambat, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 56 na miezi kama minane, na miezi yao huanza katikati ya miezi yetu. Ukisikia mwanamke kajifungua mwezi wa pili mwaka 81, yaani 2081 yao, usiandike Februari. Unajua mgeni anavyotuharibia kwa saa, unamwambia saa mbili asubuhi yeye anakuja saa nane mchana? Basi safari hii mgeni ni wewe. Mimi nilipoteza wiki nzima kurekebisha umri wa watoto waliotokea kuzaliwa kabla ya mama zao kushika mimba. Nunua kalenda ya ukutani ya pale siku ya kwanza, iandike tarehe jinsi ulivyotajiwa, ugeuzaji ufanye usiku ukiwa umetulia.

Kuhusu hedhi, jiandae na yako. Huko magharibi ya mbali kuna chhaupadi, mwanamke kulala kibandani nje akiwa kwenye siku zake, na wapo waliokufa humo kwa nyoka na kwa moshi wa moto waliowasha wapate joto. Mahakama iliipiga marufuku 2005, na sheria ya adhabu ikaanza kutumika Agosti 2018: jela hadi miezi mitatu au faini ya rupia 3,000. Sehemu nyingine vibanda vimebomolewa na wanawake wakaishia kulala zizini, jambo la kufikiria kwa anayeamini nyundo. Utakakokuwa wewe huenda ni kutoingia jikoni na kutogusa vya ibada tu. Mwulize didi wa nyumba siku ya kwanza, pembeni, taratibu zao ni zipi, na uamue mapema utazifuata hadi wapi. Mimi la jikoni nililifuata. Kulala nje ningekataa, na ningehama kwa adabu.

Hujaolewa, utaulizwa kila siku. Jibu "bado", ucheke nao. Ngozi yako na misuko yako vitashikwa na watoto, watu wazima watakutazama mpaka uchoke, na mmoja wawili watasema maneno ya hovyo kuhusu weusi, maana hata kwao binti mweusi husemwa. Lakini nikwambie faida yake. Nilipowaeleza kwamba kwetu nako kizazi hushuka, na kwamba mama yangu mdogo aliishi nacho miaka tisa akitembelea fimbo, mazungumzo yalibadilika. Walikuwa wamezoea kuulizwa na watu ambao kwao jambo hilo halipo. Walianza wao kuniuliza mimi.

Mengine kwa haraka. Utafiti wa afya Nepal unahitaji kibali cha Baraza la Utafiti wa Afya la nchi hiyo. Cha chuo chako peke yake hakitoshi, na hicho cha Baraza hakipatikani kwa wiki moja, hivyo kama mradi haujakiomba, uliza leo. Asiyejua kuandika aweke dole gumba baada ya kusomewa, na aelezwe kwamba akikataa hakosi huduma yoyote. Picha acha. Ruba watakupanda miguuni, beba chumvi. Barabara hukatika kwa maporomoko, kwa hiyo acha siku tatu tupu kabla ya ndege yako ya kurudi. Na wiki ya mwisho nzima iweke kwa ajili ya kurudisha majibu: kaa na kikundi, mkalimani asome ulichokipata, wakusahihishe, na zahanati waachie ukurasa mmoja kwa Kinepali. Utasahihishwa kweli. Kwangu walifuta kifungu kizima.

Zawadi, peleka kanga. Wanawake wa milimani hufunga kiunoni patuka, kitambaa kirefu cha kushikilia mgongo wakati wa mizigo, nao wanakijua kitambaa kizuri wakikishika. Nilimwachia mwenyeji wangu, yule wa pete, doti moja. Nilifikiri ataivaa kwenye sherehe ya Teej, mwezi uliofuata. Asubuhi niliyoondoka nilimwona akishuka njia ya shamba, amezikunja zote mbili urefu zikawa mkanda, kazizungusha kiunoni mara nne, na juu yake doko limejaa samadi.